Mamluki aliyejificha ndani ya injini

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya ndoa na nyumba ndogo, tuingie gereji kidogo. Usikunje uso, dada yangu. Yaliyomo humo ni yale yale ya kila siku: wivu, tamaa na uaminifu.

Neno mamluki sina haja ya kulieleza. Kila aliyesoma shule hapa kwetu amewahi kumwona akikatiza uwanjani mchana kweupe. Timu ya shule ya msingi inaingiza beki mwenye ndevu, eti yuko darasa la sita! Mpira anaujua, jezi imemkaa sawasawa, viatu vinamtosha. Hakuna anayesema kuwa hawezi kucheza. Kinacholalamikiwa ni kwamba si wa daraja lile.

Sasa huko Marekani, kwenye resi za pikipiki za watu wa kawaida, mamluki wao hana ndevu wala jezi. Ni chuma. Jina lake krankishafti, na anakaa gizani, kalowa oili, mahali ambapo refa hamwoni.

Haya nimeyajua kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye yuko kule miaka mingi. Siku za kazi anabeba makasha kwenye ghala. Jumamosi na Jumapili anashindana na pikipiki. Usidhani ni zile resi za kwenye televisheni, mafundi kumi wamevaa sare na mrembo kashika mwavuli. Hizi ni resi za walalahoi. Mtu anapakia pikipiki yake kwenye pikapu, analipa kiingilio mwenyewe, anabadili oili mwenyewe na usiku analala kwenye hema. Akishinda anapewa kikombe, Jumatatu asubuhi anarudi kwenye makasha.

Pikipiki iliyowafaa watu wa namna hiyo kwa miaka mingi ni Kawasaki Ninja 250. Ni ndogo, haili mafuta, na mtumba wake haukuwa ghali. Ninja 250 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1986. Mwaka 1988 ikaja na umbo jipya, na umbo hilo likauzwa hadi 2007 karibu bila kuguswa. Mwaka 2008 ikavishwa nguo mpya, ikapendeza kweli kweli, ikaendelea hivyo hadi 2012. Kisha kama toleo la 2013 ikaja kaka yake, Ninja 300.

Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia. Chukua kalamu, mahesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Injini ya 250 ina silinda mbili. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 62, na pistoni yake inasafiri milimita 41.2 kutoka chini hadi juu. Piga hesabu ya silinda zote mbili, utapata kama cc 249. Vipimo hivyo havikubadilika tangu 1986 hadi 2012, yaani miaka 26. Ninja 300 nayo ina silinda mbili, na kipenyo ni kile kile, milimita 62. Kilichobadilika ni safari ya pistoni, ambayo sasa ni milimita 49. Piga tena hesabu, utapata cc 296.

Tofauti ya safari hizo mbili ni milimita 7.8 tu, unene wa penseli na ushee. Lakini penseli hiyo inaongeza karibu moja ya tano ya ukubwa wa injini, na kwa pikipiki yenye nguvu za farasi thelathini na kitu, moja ya tano si mchezo. Anayeamua urefu wa safari hiyo ni krankishafti, ambayo mafundi wanaiita kranki kwa ufupi. Ukiichungulia pikipiki kwa nje huambulii kitu.

Nikisimulia haya kijiweni, jamaa mmoja akanidaka: "Sasa mzee, si wapige marufuku tu kuchanganya spea? Kila mtu afunge za mwaka wake, ugomvi uishe." Maneno mazuri hayo, ila ni ya mtu ambaye hajawahi kutafuta spea ya pikipiki ya zamani. Ukimlazimisha mwenye pikipiki ya 1990 afunge spea za 1990 tu, umemwambia aache resi. Duka halinazo, na alizonazo mwenzake hazitoki bila vita. Resi za walalahoi zinaishi kwa mitumba. Mmoja kaanguka, fremu imepinda, injini yake inafufua pikipiki tatu za wenzake. Ukiziba mlango huo watabaki wenye fedha peke yao.

Ndiyo maana vyama vingi havikatazi moja kwa moja. Vinaweka mpaka. Kwa mfano AHRMA, chama cha huko huko Marekani kinachoendesha resi za pikipiki za kale, kina kanuni ya usanifu unaofanana. Spea iliyotengenezwa baada ya mwaka wa mwisho wa daraja inaweza kukubaliwa, mradi usanifu wake uwe ule ule wa zamani. Kwa maneno mengine, chuma kinaweza kuwa cha juzi, lakini tabia iwe ya babu.

Na kwenye madaraja ya pikipiki zinazotakiwa kubaki karibu kama zilivyotoka kiwandani, kanuni nyingi huwa kali zaidi. Pale ambapo kitabu hakikusema ruksa, ujue ni marufuku. Usije na hoja ya "mbona hamkuandika?" Hawakuandika, basi usifunge.

Hapo ndipo fundi wetu wa mtaani angepata taabu. Yeye ana swali moja tu: inaingia? Ikiingia, bolti zikakaza na oili isivuje, kazi imekwisha, lete hela. Kwa pikipiki ya kubebea abiria au magunia simlaumu hata kidogo, chombo kinatakiwa kitembee. Kwenye resi swali hilo ni la kwanza tu. La pili, kanuni inaruhusu? La tatu ndilo zito: spea hii inaziba pengo la iliyokufa, au inaleta nguvu ambayo pikipiki hii haikuzaliwa nayo?

Usidhani kuwa siku zote nguvu huja kwa kupanda toleo jipya. Injini ya Ninja 250 ya zamani ilikuwa na mbano wa 12.4 kwa 1. Toleo la 2008 likashushwa hadi 11.6 kwa 1. Kwa hiyo mwenye pikipiki mpya aliyetamani mbano mkali, macho yake yalirudi kwa bibi kizee. Na toleo hilo hilo la 2008 lililouzwa Marekani lilibaki na kabureta, wakati la Ulaya lilipewa mfumo wa umeme wa kupuliza petroli. Jina moja, mwaka mmoja, vyakula viwili tofauti. Umeona utamu wa kazi ya kuandika kanuni?

Kuna nyingine inaumiza vichwa zaidi, Suzuki SV650. Hii ilitoka mwaka 1999 ikiwa na cc 645, kipenyo milimita 81 na safari milimita 62.6. Mpaka 2002 ilitumia kabureta. Mwaka 2003 ikapewa mfumo wa kupuliza petroli na fremu mpya. Mwaka 2007 kila silinda ikapewa plagi mbili. Mwaka 2016 jina la SV650 likarudi na injini yenye cc zile zile 645. Hapo kupima cc hakukusaidii kitu, maana baba, mtoto na mjukuu wote wana kiatu namba moja. Mkaguzi inabidi atazame silinda hedi, kamshafti na njia ya petroli. Na kitabu kiseme wazi kipi kinahama na kipi hakihami.

Turudi kwa mpwa wangu, maana hesabu nimewapigia kwa ajili yake.

Ilikuwa kiangazi cha huko, mwaka 2014. Usiku wa manane kwetu, simu inalia.

"Mjomba, shikamoo. Nimeibiwa."

"Marahaba. Umeibiwa nini, gari?"

"Ubingwa, mjomba."

Nikaketi kitandani. Akanisimulia. Kwenye daraja lao la cc 250 kuna mzee mmoja, fundi bomba, mtu mzima wa kimo kifupi. Wana pikipiki zinazofanana, zote toleo la 2008. Kwenye kona wako sawa, lakini wakitoka tu kwenye kona mzee anachomoka kama kafukuzwa na nyuki. Resi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo hivyo. Maneno yakaanza kwenye mahema. Mmoja akasema alimwona mzee akinunua Ninja 300 iliyopata ajali. Mwingine akaongeza kuwa injini ya ile 300 haijaonekana tena. Kufika jioni kambi nzima ilikuwa imeshahukumu: mzee kaweka mamluki.

"Sasa mjomba, kuna jamaa anauza injini ya 300. Nataka niinunue nami nihamishe. Kama yeye anafanya, mimi ni nani nisifanye?"

Usingizi ukanitoka wote. Nikamwuliza kwanza mambo ya ufundi, maana ndiyo anayoyasikiliza. Nikamwambia: ukichukua kranki ya 300 peke yake ukaifunga pamoja na konrodi, pistoni na silinda za 250, pistoni itapanda juu zaidi kwa milimita 3.9, maana ile tofauti ya 7.8 inagawanyika, nusu juu na nusu chini. Nafasi hiyo haipo. Utagonga silinda hedi unazungusha kwa mkono, hata petroli hujatia. Akasema hilo analijua, ndiyo maana anataka seti nzima.

Basi nikamwuliza la pili. Je, una uhakika kuwa mzee anaiba?

Kimya. Halafu: "Kila mtu anasema, mjomba."

"Kila mtu amepima?"

Kimya tena.

Msomaji wangu, vyama vya resi vinalijua gonjwa hili na vimeliwekea dawa. Mshindani akimshuku mwenzake, anaruhusiwa kulalamika kwa maandishi ndani ya muda mfupi baada ya matokeo kutoka. Anaweka dhamana ya fedha na injini inafunguliwa. Mtuhumiwa akikutwa na hatia, ushindi unafutwa na mlalamikaji anarudishiwa chake. Akikutwa msafi, fedha zile zinamwendea yeye, za gasketi na usumbufu. Mpango wa namna hiyo unamziba mdomo mropokaji na unamnyima usingizi mwizi, yote kwa mpigo mmoja.

Ila mpwa wangu alikuwa na kigugumizi, na sababu yake ilinigusa. Yule mzee ndiye aliyemkopesha jenereta msimu uliopita. Ndiye aliyempa waya wa klachi wa kwake ulipokatika wa kijana, dakika kumi kabla ya resi. "Nitamfunguliaje injini mtu aliyenipa waya wa klachi?"

Nikamwambia hivi: mwanangu, unaona haya kumpima mbele ya watu, lakini huoni haya kumwita mwizi nyuma ya hema. Kipi kinamdhalilisha zaidi? Nenda kwake kwanza, kabla ya karatasi. Mwambie ana kwa ana kuwa una shaka na utaweka fedha. Akiwa msafi utamlipia gasketi na utamwomba radhi mbele ya wale wale waliomsema. Na injini ya 300 usiinunue, maana ukiifunga hatakuwa mzee mwizi. Utakuwa wewe.

Wikiendi iliyofuata mzee akashinda tena. Kijana akaenda hemani kwake, miguu inatetemeka. Kumbe mzee alishasikia maneno yote. Hakufoka wala hakutukana. Akafungua sanduku la vifaa, akatoa spana na kumpa. "Anza na plagi," akasema.

Mkaguzi akaja. Plagi ya Ninja iko juu, katikati ya silinda, kwa hiyo mkaguzi aliteremsha kijiti chembamba kwenye tundu hadi kikagusa pistoni. Wakazungusha injini taratibu kwa mkono, kijiti kikapanda na kushuka, na mkaguzi akapima tofauti. Wakakubaliana wafungue hedi kabisa, wapime na kipenyo cha silinda, ili pasibaki la kusema. Kambi nzima imezunguka, macho kodo kama watu wanaosubiri matokeo ya darasa la saba.

Kipenyo milimita 62. Safari milimita 41.2.

Mzee alikuwa msafi kama maji ya mtungi.

Na ile Ninja 300 ya ajali? Ilikuwa kwake gereji, anamtengenezea kijana wake wa kiume aendee chuo. Injini iko ndani ya fremu yake, imefunikwa turubai.

Basi ile kasi ilitoka wapi? Ilitoka sehemu mbili ambazo kila mtu angeziona kama angeacha kunong'ona akatazama. Kwanza, mzee alikuwa amefunga sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, jambo ambalo kitabu chao kinaruhusu kwa maandishi. Pikipiki ikapoteza kidogo mwendo wa mwisho, lakini ikapata mruko wakati wa kutoka kwenye kona. Pili, mzee ni mwembamba. Mpwa wangu, kwa chakula cha Marekani nisichoweza kukielezea hapa, alikuwa amemzidi kilo 20. Kwa injini ya cc 249, kilo 20 ni sawa na kumpakia mtoto nyuma.

Kijana akalipa. Akasimama mbele ya kambi na kuomba radhi. Aliniambia baadaye kuwa kilichomtia jasho hakikuwa ile radhi, bali hesabu aliyoipiga akiwa anaendesha pikapu kurudi nyumbani. Kama angenunua ile injini ya 300 kwa kuamini kuwa "kila mtu anafanya", basi siku ile, kati ya pikipiki zote za daraja lile, mamluki angekuwa mmoja tu, naye angekuwa ni yeye.

Hapo ndipo nilipotaka tufike, mpenzi msomaji. Wengi wanaofunga mamluki hawaanzi na nia ya kuiba. Wanaanza kwa kuamini kuwa wenzao wote ni wezi, kwa hiyo nao wanajiona wanasawazisha tu. Huyu anamshuku yule, yule anamshuku huyu. Baada ya msimu mmoja daraja la cc 250 linakuwa la cc 296 bila mtu kutangaza, na kijana mwenye injini halali anajiona mjinga kwa kufuata kitabu. Wala hakuna aliyefaidika, maana wote wamepanda pamoja na mshindi ni yule yule. Walichoongeza ni gharama, na joto la injini ambayo ikinoki itamwaga oili barabarani kwa wanaokuja nyuma.

Mwenye kiu ya cc 296 ana mlango wake halali: apande daraja. Vyama vina madaraja makubwa ambako mchanganyiko wa kila namna unakubalika, alimradi utangaze ulichofunga na ukubali kupambana na wazito. Aliyepanda akashika nafasi ya tisa ana haki ya kutembea kifua mbele kuliko aliyebaki chini akabeba kikombe cha kificho.

Mambo yameendelea. Mwaka 2018 Kawasaki wakatoa Ninja 400, injini mpya yenye kipenyo cha milimita 70 na cc 399, na walalahoi wengi wa resi wakaikimbilia. Muda si mrefu nayo itakuwa bibi kizee, spea zitaadimika, na wenyewe watakaa tena juu ya kitabu cha kanuni kubishana kipi kihame na kipi kibaki.

Ushauri wangu kwa yeyote mwenye ushindani, uwe wa pikipiki, wa duka au wa mume: kabla hujafunga cha kwako cha siri kwa kuwa jirani naye kafunga, pima kwanza cha jirani. Kijiti chembamba na ujasiri wa kuuliza ana kwa ana vinatosha. Wahenga walishasema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi naongeza: na asiyekubali kupima, asitukane.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Alamsiki.